Waya wa Pili Uko Wapi? Mafunzo ya Vyanzo vya Umeme katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Kila mwaka wanachuo waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi wa sayansi hupitia maandalio mengi ya somo la vyanzo vya umeme. Maandalio hayo aghalabu hufanana. Mwalimu huanza kwa kusema, “Tajeni vyanzo vya umeme.” Wanafunzi hujibu: maji, jua, upepo, gesi asilia, betri, jenereta. Mwalimu huandika majibu ubaoni, wanafunzi huyanakili, kengele hulia. Katika mtihani swali lile lile huulizwa, majibu yale yale hutolewa, na alama hupatikana.

Hatusemi kwamba orodha hiyo ni ya uongo. Tunasema kwamba mwanafunzi aliyeihifadhi yote kichwani bado hajui umeme unapatikanaje wala unafikaje kwenye taa. Mwulize kwa nini maji ya Mto Ruaha Mkuu huzalisha umeme pale Kidatu, lakini maji yaliyotulia katika lambo la kijiji chake hayawashi hata balbu moja. Mwulize pia kwa nini ndege hutua juu ya waya wa umeme akaruka salama, ambapo mtu aliyesimama ardhini akiugusa waya huo huo kwa mkono mmoja hufa. Swali hili la pili si la kupatia alama. Nguzo za umeme zimeingia vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, na jenereta zinanguruma katika machimbo madogo ya dhahabu ambako wazazi wa wanafunzi wetu wanafanya kazi. Mtoto asiyejua jibu lake yumo hatarini, na pengine ndiye atakayetumwa kesho kuanika nguo karibu na waya uliolegea.

Kwa hiyo katika makala haya tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, somo la vyanzo vya umeme lisitangulie somo la sakiti, yaani njia kamili inayopitiwa na mkondo wa umeme. Pili, kila chanzo kinapoletwa darasani kiulizwe maswali yale yale: Ni kitu gani kinachosukuma? Na njia ya kurudi iko wapi?

Sakiti itangulie

Watoto wengi hufika darasani wakiwa na picha yao wenyewe ya umeme. Huamini kwamba umeme umejaa ndani ya betri kama mafuta ya taa yalivyojaa ndani ya kibatari, kwamba hupanda kwa waya kama mafuta yapandavyo utambi, na kwamba ukifika kwenye taa huungua ukaisha. Picha hiyo ina mantiki yake, na mwalimu asiidharau. Lakini inahitaji waya mmoja tu, na hapo ndipo kosa lilipo.

Njia bora ya kuiondoa si maelezo. Lipe kila kundi betri moja ya tochi, kipande kimoja cha waya kilichomenywa ncha zake, na balbu moja ndogo ya tochi ya aina ya zamani, ile yenye uzi ndani. Waambie waiwashe, kisha unyamaze. Karibu makundi yote yataanza kwa kushika waya kwenye kichwa cha betri na kugusisha ncha ya pili chini ya balbu. Haitawaka. Watageuza betri, watabadilisha waya, watailaumu balbu. Mwalimu asiwaokoe upesi. Baada ya muda kundi moja litakalisha balbu juu ya kichwa cha betri, na kuupitisha waya kutoka kitako cha betri hadi ubavuni mwa balbu, nayo itawaka. Hapo darasa zima litakuwa limegundua kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusia, nchani na ubavuni, na kwamba betri nayo ina pande mbili, chanya na hasi. Dakika kumi na tano zilizotumika hapa zina faida kuliko ubao mzima wa maandishi.

Balbu hizo zinaanza kuadimika madukani kwa sababu tochi nyingi za siku hizi zina taa za LED. Anayezipata azinunue na kuzitunza. Taa ya LED ina sharti moja ambalo balbu haina: hupitisha mkondo upande mmoja tu. Isipowaka, mwalimu aigeuze kwanza kabla ya kuitupa. Tena betri moja ya volti 1.5 haitoshi kuiwasha. Taa nyekundu huhitaji karibu volti 2 na nyeupe karibu volti 3.

Baada ya ugunduzi huo ndipo mfano ufuate. Vitabu vingi hulinganisha umeme na maji katika bomba. Sisi tunapendelea mnyororo wa baiskeli, ambao kila mtoto wa Shinyanga anaufahamu. Mguu husukuma mahali pamoja tu, kwenye pedali, lakini mnyororo wote hutembea mara moja, na gurudumu la nyuma huzunguka papo hapo. Hakuna anayesubiri pingili itoke mbele ifike nyuma. Mnyororo hauishi, pingili zilizokwenda ndizo zinazorudi. Kinachokwisha ni nguvu ya mwendeshaji, naye hana budi kula ugali. Tena mnyororo ukikatika mahali popote, juu au chini, baiskeli nzima husimama. Hivyo ndivyo ilivyo sakiti. Chanzo cha umeme ni mguu, mkondo ni mnyororo, na taa ni gurudumu linalofanyishwa kazi. Chanzo hakiumbi mkondo kutoka katika utupu wala hakiumimini. Husukuma kile ambacho tayari kimo ndani ya waya. Kiasi cha kusukuma huitwa msongo, na hupimwa kwa volti. Kiasi kinachopita huitwa mkondo, na hupimwa kwa ampea. Ukishika tofauti ya maneno hayo mawili, sehemu kubwa ya ugumu wa mada hii imekwisha.

Betri, na umeme wa ndimu

Katika betri ya tochi kinachosukuma ni badiliko la kikemia. Kopo lake ni la zinki, katikati umo mti wa kaboni, na baina yao umo uji mweusi wenye manganizi. Zinki inapoliwa taratibu na kemikali, msukumo hupatikana. Zinki na kemikali zake zikichoka, msukumo hukoma, na kopo mara nyingi huwa limetoboka na kuvuja. Mwalimu akitaka kuonyesha hayo, aipasue mwenyewe nyumbani betri ya kaboni iliyokwisha, akiwa amevaa glovu, kisha alete vipande vilivyosafishwa. Betri za alkalini zisipasuliwe kamwe, kwa maana uji wake huunguza ngozi. Na betri za simu ni hatari zaidi kwa sababu huweza kulipuka moto. Wanafunzi wasipasue betri yoyote.

Zana nzuri zaidi ni ndimu au limau. Chomeka ndani yake msumari wa kuezekea mabati, ambao umepakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba, visigusane. Ndimu moja hutoa msongo wa karibu volti 0.9. Wanafunzi wakiunganisha ndimu nne kwa mfuatano, shaba ya moja na msumari wa nyingine, taa nyekundu ya LED itawaka kwa hafifu ikitazamwa kivulini. Wakati huo mwalimu aulize swali ambalo wanachuo wengi husahau kuliuliza: Je, ndimu hizo nne zitawasha balbu ya tochi? Kwa hesabu ya volti tupu zingepaswa kuiwasha, kwa kuwa zina zaidi ya volti 3. Wajaribu. Haiwaki. Balbu hiyo inahitaji ampea 0.3 hivi, nazo ndimu haziwezi kusukuma hata sehemu ya mia ya mkondo huo, kwa sababu njia ya ndani ya ndimu yenyewe ni ngumu kupita.

Hapa mwanafunzi hujifunza jambo ambalo orodha ya ubaoni haiwezi kumfunza, kwamba vyanzo viwili vyaweza kuwa na msongo ulio sawa na bado vikatofautiana kabisa kwa kiasi cha mkondo vinachoweza kutoa. Betri ya gari ina vyumba sita vya volti 2, jumla volti 12. Betri nane za tochi zikipangwa mstari mmoja nazo hutoa volti 12, lakini hakuna dereva atakayewasha lori kwa betri za tochi. Njia ya ndani ya betri ya gari ni nyepesi mno, hata spana ikidondoka na kuunganisha vichwa vyake viwili hutoa cheche na kuweza kuyeyuka. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya tindikali na risasi vilivyomo, betri ya gari isiletwe mezani kwa wanafunzi.

Mwalimu asiache darasa liamini kwamba umeme ulikuwa ndani ya ndimu. Ndimu ni njia tu. Kinacholiwa ni zinki ya msumari. Wachomoe msumari baada ya saa kadhaa, waone jinsi ng’ao yake ilivyofifia. Na ndimu hizo zisiliwe, kwa maana madini yameingia ndani.

Baiskeli na waya usioonekana

Sasa tunafika kwenye zana tunayoithamini kuliko zote, nayo ni baiskeli yenye dainamo ya kusugua tairi. Pikipiki zimeipunguza sana baiskeli ya aina hii, lakini mafundi wengi bado wanazo dainamo kuukuu, na katika mji wa Shinyanga, ambako baiskeli zimebeba abiria kwa miaka mingi, si shida kuazima moja.

Igeuze baiskeli magurudumu juu. Zungusha gurudumu kwa mkono, taa iwake. Kisha waulize wanafunzi wahesabu nyaya zinazotoka kwenye dainamo kwenda kwenye taa. Watahesabu mmoja. Watarudia kuhesabu. Mmoja tu. Darasa lililojifunza jana kwamba sakiti haikamiliki bila njia ya kurudi litapinga, na ubishi huo ndio somo. Mwalimu aulize: “Waya wa pili uko wapi?”

Waya wa pili ni baiskeli yenyewe. Mkondo hutoka kwenye dainamo kwa waya, hupita katika taa, hurudi kwa chuma cha baiskeli. Tazama kikamatio cha dainamo: kina skrubu ndogo yenye ncha kali iliyowekwa ili itoboe rangi na kugusa chuma kitupu. Weka kipande cha karatasi chini ya kikamatio na ncha hiyo, taa itazimika. Fundi wa baiskeli anayajua hayo bila kitabu, ndiyo maana taa isipowaka hukwangua kutu kwanza. Tungependa kila mwanafunzi aondoke na mazoea hayo ya kuitafuta njia ya kurudi hata pale ambapo haionekani. Tutaona hapo mbele kwamba mazoea hayo huweza kuokoa maisha.

Dainamo ina mengine ya kufundisha. Ndani yake imo sumaku inayozunguka karibu na koili ya waya. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikitembezwa ndani ya koili mkondo hupita, na ikisimama mkondo hukoma. Hakuna kemikali inayoliwa. Kinacholiwa ni nini basi? Wanafunzi wazungushe gurudumu kwa nguvu, waliache, na kuhesabu sekunde hadi lisimame, dainamo ikiwa imegusa tairi. Wafanye hivyo mara tatu taa ikiwa imeunganishwa, na mara tatu waya wa taa ukiwa umechomolewa. Taa inapowaka gurudumu huchoka mapema. Nuru ililipiwa na mkono. Hatujui onyesho jingine rahisi kuliko hili la kuthibitisha kwamba nishati haipatikani bure.

Shule ikiweza kupata taa mbili za LED, ziunganishwe kwa kupeana mgongo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na jozi hiyo itanguliwe na rezista ya omu 1,000 ili zisiungue. Kwa betri nne za tochi taa moja tu itawaka. Ukigeuza betri itawaka ya pili. Kwa dainamo zote mbili huonekana kuwaka, kwa kuwa mkondo wake huenda na kurudi, huenda na kurudi. Wanafunzi wakiuliza mkondo wa namna hiyo unawezaje kufanya kazi, wakumbushwe msumeno wa watu wawili. Haufiki popote, lakini gogo hupasuka.

Kutoka Kidatu hadi Ibadakuli

Mwanafunzi aliyeielewa dainamo ameelewa nusu ya orodha ile ya ubaoni. Kidatu ni dainamo. Maji ya Ruaha Mkuu huporomoka kwa nguvu, huzungusha mitambo, nayo huzungusha sumaku kubwa. Kituo hicho kina uwezo wa megawati 204. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ni dainamo tisa, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Ya kwanza ilianza kuzalisha mwaka 2024. Kinyerezi, Dar es Salaam, gesi asilia huchomwa na pumzi yake kali huzungusha mtambo. Maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera huzalisha megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Jenereta ya dizeli ya mchimbaji wa Nyarugusu nayo ni ile ile, ila kinachozungusha ni injini. Maji, gesi, mvuke, upepo na dizeli si vitu vitano vya kukariri. Ni mikono mitano inayozungusha gurudumu moja. Na sasa lile swali la lambo lina jibu: maji yaliyotulia hayasukumi. Mtoto ataelewa pia kwa nini ukame wa miaka ya 2006 na 2011 ulileta mgawo wa umeme hata kwa watu walio mbali na mto wowote.

Sisi tulio jirani na Ibadakuli tuna bahati ya kuwa na kituo kikubwa cha umeme karibu. Hapo ndipo ulipoishia mradi wa njia kuu ya umeme kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilomita 670, iliyojengwa kwa kiwango cha kilovolti 400. Kutoka Shinyanga umeme huendelea Mwanza, na kwa njia ya kilovolti 220 huenda Bulyanhulu na Geita kwenye migodi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita kwa miaka mingi ulijizalishia umeme wake kwa mitambo ya mafuta. Si vigumu kumweleza mtoto sababu ya migodi kujali sana umeme: chini ya ardhi ndiyo feni zinazopeleka hewa na pampu zinazotoa maji, na havingoji kesho.

Watu wetu hukiita kituo kama hicho kituo cha kupoza umeme. Jina hilo limezoeleka na hatutaki kuligombeza, lakini mwalimu ajue kwamba wanafunzi hulichukua kama lilivyo. Hudhani umeme hufika ukiwa wa moto nao hupozwa kama chai. Kinachopunguzwa ni msongo, na kinachoupunguza ni transfoma. Hapo watauliza, na wana haki kuuliza, kwa nini upandishwe hata ulazimike kushushwa. Jibu ni waya. Mkondo ukipita katika waya huupasha joto, na joto hilo ni hasara. Ukizidisha msongo mara kumi, nguvu ile ile husafirishwa kwa mkondo ulio sehemu moja ya kumi, na joto linalopotea katika waya ule ule hupungua hadi sehemu moja ya mia. Kwa safari ya mamia ya kilomita hakuna njia nyingine ya maana. Kisha msongo hushushwa kwa hatua, hadi kilovolti 33 au 11 kwenye njia za vijijini, na volti 230 nyumbani.

Ziara ifanyike kando ya barabara, nje ya uzio, kwa barua ya mwalimu mkuu, na wanafunzi wapewe kazi ya kuhesabu. Kwenye mnara mkubwa watakuta nyaya zimepangwa katika mafungu matatu, na juu kabisa nyaya nyembamba za kupokea radi. Watauliza waya wa kurudi uko wapi. Inatosha kuwaambia kwamba mafungu hayo matatu hupokezana, na kila wakati kile kinachokwenda kwa moja hurudi kwa mengine. Mwenye kutaka zaidi atalipata sekondari.

Jua

Kwenye somo la nguvu ya jua kosa la kawaida ni kusema kwamba joto la jua ndilo linalotoa umeme. Paneli hutumia nuru. Joto huidhuru, kwani paneli iliyopata moto sana hutoa nguvu kidogo kuliko ile iliyo baridi chini ya nuru ile ile. Hakuna kinachozunguka wala kinacholiwa. Nuru yenyewe husukuma mkondo ndani ya tabaka jembamba la silikoni. Kila kipande hutoa karibu nusu volti, ndiyo maana vipande vingi hupangwa mfuatano. Paneli ndogo ya taa za mezani inatosha kwa onyesho. Iunganishe na mota ya mwanasesere, uielekeze juani, kisha uifunike taratibu kwa daftari. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba kufunika kipande kimoja tu huweza kuidhoofisha paneli nzima, na baadaye watakuwa wa kwanza kuwaambia wazazi kwamba tawi la mwembe linaipunguzia taa yao nguvu.

Katika wilaya ya Kishapu, kijiji cha Ngunga, Shirika la Umeme lilianza kujenga kituo cha nguvu ya jua kilichokusudiwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Mwalimu alinganishe: mashine moja ya Bwawa la Nyerere ina megawati 235. Lakini mashine hufanya kazi usiku, na jua huchwa. Nyumbani tatizo hilo hutatuliwa kwa betri, ambayo mchana husukumwa na usiku husukuma. Mwanafunzi asiiandike betri hiyo kuwa chanzo sawa na paneli. Ni ghala. Ghala halilimi.

Ardhi ni waya wa pili

Sasa turudi kwa ndege na mtu. Kwenye transfoma ya kijiji waya mmoja kati ya nyaya zinazokwenda majumbani, uitwao nyutro, umefungwa ardhini kwa makusudi. Maana yake ni kwamba ardhi yote imekuwa kama chuma cha baiskeli. Ndege amekamata waya mmoja na hakugusa kitu kingine, hivyo hayumo katika sakiti. Mtu aliyesimama ardhini akiugusa waya wenye moto anaikamilisha sakiti kwa mwili wake: mkono ndio mwanzo, miguu ndiyo mwisho, ardhi ndiyo njia ya kurudi. Ardhi ikilowa kwa mvua, au ukuta wa shimo la mchimbaji ukitiririka maji, njia hiyo huwa nyepesi zaidi.

Watoto huuliza kwa nini betri haiwadhuru. Waeleze kwa tarakimu. Balbu ya tochi hutumia miliampea 300. Vifaa vya kukata umeme vinavyowekwa majumbani kulinda watu hutengenezwa vikate mkondo wa miliampea 30 unaovujia ardhini, kwa kuwa zaidi ya hapo moyo umo hatarini. Kwa hiyo mkondo usiotosha kuwasha tochi unaweza kuua. Betri haiui kwa sababu volti 1.5 haziwezi kuusukuma mkondo huo kupita ngozi. Volti 230 zinaweza.

Kutokana na hayo mwalimu atoe maagizo, na safari hii wanafunzi watakuwa wanajua sababu zake. Waya ulioanguka usisogelewe. Wote wakae mbali, si chini ya hatua ishirini, na mtu mzima apige simu Shirika la Umeme. Aliyenaswa asishikwe kwa mkono kabla umeme haujakatwa. Kwenye nyaya kubwa hata mti mkavu haumkingi anayeushika.

Kwa shule zilizo karibu na machimbo tunaongeza mambo mawili yahusuyo jenereta. La kwanza ni moshi. Injini ya petroli au dizeli isiwashwe ndani ya duara wala mdomoni mwake, kwa maana hewa yake yenye sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua kabla mtu hajajua. La pili halijulikani sana. Kuna watu ambao umeme wa gridi ukikatika huchomeka jenereta kwenye soketi ya nyumba bila kuitenga nyumba hiyo na nyaya za nje. Transfoma haina upande. Ile inayoshusha kilovolti 11 hadi volti 230 itapandisha volti 230 hadi kilovolti 11 ikisukumwa kutoka upande wa pili. Fundi aliye juu ya nguzo, anayeamini kwamba njia imekufa, hukutana na umeme uliotoka katika jenereta ya duka. Swichi ya kubadilishia, inayoruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja, ndiyo kinga. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza “ni nini kinachosukuma?” ataielewa hatari hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Upimaji na zana

Swali la “taja vyanzo vitano” libaki kwa sababu mitihani haijaliacha, lakini lisiwe peke yake. Tumeona maswali ya namna hii yakimtenganisha aliyekariri na aliyeelewa: Chora baiskeli yenye dainamo na uonyeshe kwa mshale njia yote ya mkondo. Juma ana ndimu nne na Asha ana betri mbili za tochi. Nani atawasha balbu, na kwa nini? Paneli ya zahanati haitoi nguvu ya kutosha saa nane mchana katika mwezi wa Oktoba ingawa jua ni kali. Taja mambo mawili ya kuchunguza. Majibu yatakuwa marefu na kusahihisha kutachosha, hasa katika darasa la wanafunzi themanini. Kundi la wanafunzi wanne likiandika jibu moja kazi hupungua bila upimaji kuharibika.

Zana zote za mada hii, pasipo baiskeli, huingia katika kisanduku kimoja cha viatu. Zihesabiwe kila kipindi kinapokwisha. Betri zitolewe katika vishikizi vyake kabla ya likizo ili zisivujie nyaya, na zilizokwisha zikusanywe mahali pamoja, zisitupwe shambani wala chooni, wala zisiachwe mikononi mwa watoto wadogo ambao hupenda kuzigonga kwa mawe waone kilichomo.